Hilux imeoza sakafu na chasisi: nichomelee mwenyewe uani au nikubali imekufa?

#1 Mkwaju_Mchungu
Wakuu, habari za jioni. Nina Hilux ya 1993, modeli LN106, kebini moja, injini aina ya 2L. Nimeirithi kwa baba mdogo hapa Tanga. Miaka mingi ilikuwa inabeba samaki kutoka soko la Deep Sea kwenda Korogwe. Injini inawaka nusu funguo, giaboksi haina neno. Tatizo kutu.

Jumamosi nilitoa zulia nilioshe. Nikakanyaga upande wa dereva, kisigino kikazama. Nikatoa mguu, nikachungulia, naona mchanga wa uani na kuku wangu ananiangalia kutoka chini.

Nikaingia uvunguni na bisibisi, nagonga chasisi kidogo kidogo kuanzia mbele. Ti, ti, ti. Nilipofika juu ya ekseli ya nyuma, mkono wa kushoto, sauti ikawa pu. Nikasukuma, bisibisi ikaingia mpaka mpinini. Fundi bodi niliyemwita aliangalia dakika mbili akasema iuze kwa watu wa vyuma chakavu. Sikubali.

Nina mashine ya kuchomelea ya inveta, grinda, na bati za geji 28 zilizobaki nilipoezeka banda. Naweza kuifanya mwenyewe? Na hii kutu imetoka wapi, wakati gari lilikuwa linaoshwa kila siku?

#2 Bosi_wa_Sahare
Linaoshwa kila siku kwa maji gani? Kama aliyekuwa analiosha ni dereva wa samaki, aliosha kwa ndoo ya baharini. Swali lako limejijibu.

#3 Jiwe_la_Kinu
Kabla ya kutu, tusahihishe kitu. LN106 hutoka na injini ya 3L, cc 2,779. Yenye 2L ya cc 2,446 na 4x4 ni LN105. Soma tena kibao chako cha modeli.

#4 Fundi_Kabaidi
Mkwaju, nanyoosha bodi tangu enzi za gesi ya kabaidi, ndiyo jina lenyewe. Naomba utenganishe mambo mawili. Sakafu ni bodi. Chasisi ni uti wa mgongo. Ukikosea sakafu utalowa miguu. Ukikosea chasisi, siku umepakia tani moja unateremka mlima, nyuma inakupita.

Bati la geji 28 weka kando, lirudi bandani. Lina kama mm 0.4 tu, ilhali sakafu ya gari hiyo ni kama mara mbili yake. Halafu ni la zinki. Ukilichomelea utavuta moshi mweupe, na jioni utatetemeka kama mtu wa malaria, mdomo una ladha ya sarafu. Nunua bati jeusi, geji 20 au 18. Kwa chasisi tafuta pleti ya mm 3.

#5 Mtoto_wa_Usagara
Moshi wa zinki dawa yake maziwa. Kunywa nusu lita kabla ya kazi. Mafundi wote wa mageti wanajua hili.

#6 Dada_wa_Spana
Maziwa yanashuka tumboni, moshi unaingia mapafuni. Hayo hayakutani. Dawa ni kusaga zinki yote itoke kabla ya kuchomelea, ufanye kazi nje upepo ukiwa mgongoni, na uvae barakoa ya maana, siyo kitambaa.

Mkwaju, swali moja: mvua ikinyesha zulia linaloa kuanzia wapi? Mbele kwenye pedali au nyuma karibu na kiti?

#7 Kisiwani_Pemba
Assalaam alaykum. Nyie watu wa bara mnahangaika. Jahazi linakaa majini mwaka mzima na lina misumari ya chuma, mbona halimalizwi na kutu? Wazee walipaka sifa, yaani mafuta ya papa, juu, na chini wakapaka deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa. Chukua sifa, paka chasisi yote, ndani na nje. Nina Hilux Wete, bahari iko hatua mia mbili, na sijatobolewa na kitu.

#8 Bosi_wa_Sahare
Kisiwani, na abiria wako wanakaa upande gani wa upepo? Sifa ile harufu yake mtu akiwa Mkoani anajua umetoka Wete.

#9 Kisiwani_Pemba
Harufu inaisha mwezi mmoja. Kutu haiishi.

#10 Mkwaju_Mchungu
Jiwe, nimerudi kwenye kibao: LN106, iko wazi. Nimepiga tochi kwenye bloku ya injini: 2L, nayo iko wazi.

#11 Jiwe_la_Kinu
Basi baba mdogo alibadilisha injini akanyamaza. 3L yake iko kwenye gari la mtu, inacheka.

#12 Mkwaju_Mchungu
Marehemu alikuwa na siri nyingi. Tuendelee na kutu.

#13 Theluji_Si_Mchezo
Niko Minnesota. Huku bahari hamna kabisa, lakini gari la miaka kumi linaweza kuwa na matundu kuliko neti. Wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, inaruka na matope ya theluji inaingia ndani ya chasisi. Kwa hiyo nakubaliana na Bosi: chumvi.

Na mkidhani ni magari ya zamani tu, tafuteni habari za 2016. Toyota ilikubali kwenye shauri la pamoja hapa Marekani kukagua chasisi za Tacoma za 2005 hadi 2010, pamoja na Tundra na Sequoia za miaka kadhaa, na kubadilisha zilizotoboka. Makadirio yalifika dola bilioni 3.4. Gari lile lile, jimbo lisilo na theluji, chasisi nzima.

#14 Nyuma_ya_Ziwa
Miye niko Goma. Hapa hakuna bahari wala theluji, na hakuna mtu anayemwaga chumvi barabarani. Ila bati za nyumba zinakwisha haraka, na magari vilevile. Moshi wa volkano ya Nyiragongo ukishuka na mvua, maji yanakuwa makali, yanakula chuma. Kwa hiyo musiseme chumvi tu. Asidi nayo inafanya kazi.

#15 Fundi_Kabaidi
Nyuma_ya_Ziwa kaongea. Chuma kinataka maji na hewa tu kiote kutu. Chumvi na asidi ni vya kuharakisha. Mimi gari nyingi ninazofungua zimeoza kwa sababu ya matope. Chasisi ya Hilux ni boksi, lina matundu pembeni. Tope linaingia, linakaa chini, linashika maji wiki nzima wakati nje jua limekausha. Inaoza kutoka ndani. Nje unaona rangi safi, ukigonga unasikia hiyo "pu" yako.

Mkwaju, ingiza waya mrefu kwenye tundu lililo karibu na ekseli uvute. Utuambie kinachotoka.

#16 Dizeli_Haigandi
Mnazunguka. Oili chafu. Lita tano, bomba la kupulizia dawa za mimea, unapuliza uvungu kila baada ya masika. Baba yangu alifanya hivyo na Land Rover na imezeeka vizuri kuliko yeye.

#17 Dada_wa_Spana
Oili chafu inazuia maji, sikatai. Lakini raba za bushi zinavimba na kulainika. Vumbi linaganda linakuwa tope lile lile analolisema Fundi. Inadondoka uani wanapocheza watoto. Na ule weusi si wa kuchezea, ukikaa kwenye ngozi miaka unaleta saratani. Kama lazima mafuta, tumia grisi iliyoyeyushwa au nta, ndani ya boksi tu. Na kamwe usipake kabla ya kuchomelea, labda unataka kukaanga.

Mkwaju, hujanijibu kuhusu zulia.

#18 Likoni_Feri
Niaje wadau, niko Mombasa. Mimi nilifanya kazi hii 2019 na Hilux LN85 ya shemeji. Nilitumia ribiti na silikoni kwa sakafu, hakuna moto hata kidogo. Bati la mm 1, unalikunja lifuate umbo kwa nyundo ya mbao, unapaka silikoni ya madirisha, unapiga ribiti kila sentimita tatu. Mpaka leo hajalowa.

#19 Fundi_Kabaidi
Likoni, toa zulia ulitazame. Silikoni nyingi za madirisha zinanuka siki, na siki ile inaamsha kutu kwenye bati tupu. Kuna gundi ya mishono ya magari, ya poliyurethani, inakuwa nyeusi au kijivu. Hiyo sawa. Ribiti kwa sakafu sina ugomvi. Kwa chasisi usithubutu.

#20 Likoni_Feri
Wallahi umenitia wasiwasi. Shemeji yuko Voi na gari.

#21 Mkwaju_Mchungu
Wakuu, nimefanya alivyosema Fundi namba 15. Nimeingiza waya wa kuanikia nguo, nimeukunja ncha kama ndoano. Limetoka tope jeusi, karai moja na nusu. Ndani yake: magamba ya samaki, kipande cha kamba ya manila, na ganda zima la kome. Matope yananuka chumvi mpaka sasa.

Kwa hiyo wote mko sahihi au wote mmekosea?

#22 Bosi_wa_Sahare
Ganda la kome limekuja kutoa ushahidi. Chumvi imeshinda.

#23 Fundi_Kabaidi
Lilikuwa ndani ya tope, Bosi. Tope limeshinda.

#24 Mtoto_wa_Usagara
Samaki ameshinda.

#25 Fundi_Kabaidi
Tufanye kazi sasa. Toa waya wa hasi wa betri kabla hujagusa mashine, la sivyo utaua dinamo. Bano la ardhi la mashine lishike chuma kilichosuguliwa karibu na unapochomelea, umeme usipite kwenye beringi. Bomba la breki na waya wa taa zinazopita juu ya chasisi, fungua uzisogeze. Tangi la mafuta lishuke liende mbali.

Kata sehemu mbovu mpaka ukutane na chuma kinacholia ti. Usibanie. Ukichomelea juu ya bati lililoliwa, utafukuza tundu kama mtu anayefukuza panya. Pleti ya mm 3, ncha zake usikate wima. Kata mshazari au mdomo wa samaki, kwa sababu ukichomelea mstari ulionyooka kukatisha chasisi, mwaka mmoja itapasuka hapo hapo. Fimbo ya kuchomelea geji 12, yaani mm 2.5, ampea 70 mpaka 80. Chomelea sentimita tatu, hama upande wa pili, rudi. Weka mawe chini ya chasisi pande zote mbili za tundu isikunjike.

Kwa sakafu fimbo hiyo itakutobolea. Tafuta geji 14 au 16, shusha ampea, piga nukta nukta. Jirani mwenye mashine ya kuchomelea kwa waya (MIG) mbembeleze.

#26 Dada_wa_Spana
Niongeze la tangi. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa. Kinachowaka ni mvuke. Nilipokuwa chuo cha ufundi VETA mwalimu alituonyesha kifuniko cha pipa kilichopasuka, hakusema neno, akakipitisha mkono kwa mkono. Na usitoe macho kutazama moto hata sekunde ya kwanza. Usiku utahisi mchanga machoni na hutalala.

#27 Mzee_wa_Mkandaa
Vijana, mimi naingilia la dawa ya kutu kabla ya rangi. Dawa za dukani zinazogeuza kutu kuwa nyeusi, nyingi ndani yake ni tanini au asidi ya fosfori. Tanini iko kwenye maganda ya mkandaa. Zamani pwani hii yote walikuwa wanapakia maganda ya mikoko kwenda kutengenezea ngozi. Chemsha maganda mpaka maji yawe kama chai ya msibani, suuza chumvi kwanza kwa maji baridi, paka kutu iliyobaki baada ya brashi ya waya. Baada ya masaa inageuka bluu-nyeusi. Paka mara tatu. Nimefanya kwa bawaba za mlango wa nyumba.

#28 Jiwe_la_Kinu
Bawaba za mlango na chasisi ni vitu tofauti mzee wangu. Na mikoko ni msitu wa hifadhi, usimpeleke kijana mahakamani kwa sababu ya Hilux.

#29 Mzee_wa_Mkandaa
Nimesema maganda, sikusema shoka. Nguzo za mikandaa kwenye paa lako la zamani zina maganda. Na ukikosa, majani ya chai yaliyochemka sana yanafanya kidogo.

#30 Theluji_Si_Mchezo
Mzee yuko sahihi kuhusu tanini. Ila haipenyi kutu nene. Ikiwa kutu inatoka magamba magamba, toa kwanza.

#31 Sayansi_ya_Jikoni
Kwa vipande vinavyofunguka, kama vishikio vya springi na bawaba, jaribuni magadi. Ndoo ya plastiki, maji, magadi vijiko viwili vya chakula kwa lita nne, chaja ya betri. Hasi kwenye kipande chenye kutu, chanya kwenye nondo ya zamani, visigusane. Kesho asubuhi kutu inatoka kwa brashi ya kufulia. Usitumie chumvi ya mezani, inatoa klorini. Usitumie chuma cha pua kwenye chanya, maji yanakuwa sumu. Na usifanye jikoni pamoja na jina langu, kwa sababu inatoa haidrojeni.

Vilevile ndimu ya unga, ile ya achari. Gramu 100 kwa lita, loweka usiku kucha, suuza kwa maji yenye magadi kidogo, kausha mara moja. Ukichelewa dakika kumi linaota kutu ya rangi ya chungwa mbele ya macho yako.

#32 Bosi_wa_Sahare
Ndimu, magadi, chai, maziwa, samaki. Mkwaju anapika pilau au anatengeneza gari?

#33 Mkwaju_Mchungu
Taarifa ya wikiendi. Upande wa kushoto wa chasisi nimekata sentimita 31. Pleti ya mm 3 nimeichonga mdomo wa samaki. Mishono yangu ya kwanza ilikuwa kama mavi ya mbuzi, nimesaga nikarudia. Mara ya tatu Fundi wa mtaani (yule yule wa "iuze chakavu") alipita, akasimama, akachukua fimbo mkononi mwangu akamalizia upande wa chini bila kusema kitu. Nimemnunulia soda.

Sasa sakafu. Pembeni mwa kizingiti cha mlango palikuwa pagumu na safi, nikafurahi. Nimepiga grinda, vumbi likatoka jekundu la pati, ile ya kujazia mashimo ya bodi, badala ya cheche. Nimeendelea. Chini ya pati kuna bati la kopo. Chini ya bati kuna mfuko wa saruji uliokunjwa mara nne. Chini ya mfuko hakuna kitu. Ni hewa. Kizingiti chote kimeshikwa na rangi.

#34 Fundi_Kabaidi
Huo ndio ufundi wa kuuzia. Pati inanyonya maji kama mkate, na mfuko wa saruji ukashikilia unyevu. Kwa upande huo mimi nabadilisha kesi yangu: si tope wala chumvi, ni fundi.

#35 Dizeli_Haigandi
Na oili chafu ingeuzuia.

#36 Dada_wa_Spana
Ingeuzuia nini, mfuko wa saruji?

#37 Kisiwani_Pemba
Angalau deheni ina chokaa tu, haina saruji.

#38 Likoni_Feri
Samahani kurudi nyuma. Shemeji ametoa zulia. Silikoni imebanduka upande mmoja, chini yake kuna mstari wa kutu upana wa kidole, umefuata silikoni kama umechorwa. Ribiti ziko imara. Fundi namba 19, umeniokoa. Shemeji bado hanijibu simu.

#39 Nyuma_ya_Ziwa
Siki ni asidi. Nilisema.

#40 Mkwaju_Mchungu
Sakafu imeisha jana. Bati jeusi geji 18, nukta nukta, gundi ya mishono juu na chini, zinki ya kopo kwenye maungio, rangi ya kuzuia kutu mikono miwili. Ndani ya chasisi nimemwaga nta iliyoyeyushwa na mafuta ya taa kidogo, moto mbali. Vijitundu vya kutolea maji nimevizibua vyote, vinne vilikuwa vimezibwa na rangi.

Usiku mvua ilinyesha kubwa. Asubuhi nimekimbia na tochi. Uvungu mkavu, maungio makavu. Ndani zulia jipya limelowa chepechepe upande wa dereva, na ni kuanzia juu, kwenye pedali. Maji yanateremka nyuma ya dashibodi kutoka kona ya kioo cha mbele. Nimevuta raba ya kioo, chini yake fremu imeliwa kama biskuti.

#41 Dada_wa_Spana
Namba 6. Namba 17.

#42 Mkwaju_Mchungu
Nisamehe dada. Kioo kinatokaje bila kupasuka?

#43 Dada_wa_Spana
Kaa ndani, viatu nje, mgongo kwenye kiti. Kwanza zungusha bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa ukinyanyua mdomo wa raba, wote, polepole. Halafu sukuma kwa nyayo mbili kuanzia kona ya juu, mtu wa pili apokee nje. Asipokee kuku.

#44 Jiwe_la_Kinu
Lakini kioo hakiwezi kutoboa chasisi juu ya ekseli ya nyuma. Maji ya kioo yanaishia kwenye sakafu.

#45 Bosi_wa_Sahare
Ndiyo maana nilisema mapema. Chumvi.

#46 Fundi_Kabaidi
Tope.